Mwongozo kamili wa kupanga fleti iwe makazi na ukumbi wa maonyesho ya usanifu

Kosa linalowaangusha wengi katika kazi hii hutokea mwanzoni kabisa, pale wanapoanza kwa kununua samani. Sofa zuri huletwa, taa hufungwa, zulia hutandikwa, picha hupigwa, na kwa wiki chache fleti hupendeza kweli. Kisha maisha huchukua nafasi yake. Viatu hujazana mlangoni, nyaya za chaja hutambaa mezani, nguo zilizofuliwa huwekwa juu ya kiti kinachouzwa, na kila mteja anapoomba kuja, nyumba nzima huingia katika hekaheka. Wakaaji huchoka, na mwishowe ama ukumbi hufungwa, ama familia huishi kama wageni katika nyumba yao wenyewe.

Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kinyume: ruhusa kwanza, kisha njia atakayopita mgeni, kisha mahali pa kuhifadhia vitu, na samani baadaye. Umeandikwa kwa ajili ya mbunifu wa ndani, fundi samani au muuzaji wa vitambaa na taa anayetaka kupokea wateja palepale anapoishi, katika fleti yenye chumba kimoja au viwili vya kulala. Hatua zifuatwe kwa mfuatano, kwa kuwa kila moja inategemea vipimo na maamuzi ya ile iliyotangulia.

## Mahitaji kabla ya kuanza

- Mchoro wa fleti kwa skeli ya 1:50, yaani sentimita 2 kwenye karatasi husimama badala ya mita 1 sakafuni. Uonyeshe milango na upande inakofungukia, madirisha, soketi, swichi na mabomba.
- Futi ya kupimia yenye urefu wa mita 5 au zaidi.
- Tepu ya karatasi ambayo haiachi gundi sakafuni.
- Nakala ya mkataba wa upangaji, kanuni za jengo na hati ya bima.
- Balbu mbili za LED za kujaribia, moja ya Kelvini 2700 na nyingine ya Kelvini 4000 (Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga: namba ndogo ni ya njano, kubwa ni nyeupe), zote zikiwa na kiwango cha uhalisi wa rangi cha 90 au zaidi. Kiwango hicho huandikwa kwenye boksi kwa herufi Ra au CRI.
- Sampuli za vitambaa, mbao na rangi, kila moja isiyopungua ukubwa wa karatasi ya A4. Kipande kidogo kuliko hapo hudanganya macho.
- Daftari moja litakalotumika kwa kazi hii peke yake.

## Hatua ya 1: Pata ruhusa kwa maandishi

Soma mkataba wa upangaji ukitafuta vifungu viwili: matumizi ya fleti kwa biashara, na mabadiliko ya kuta au umeme. Majengo mengi huruhusu mtu kufanyia kazi nyumbani lakini huzuia kupokea wateja, na hayo ni mambo mawili tofauti. Mweleze mwenye jengo au uongozi wake idadi ya wageni unaowatarajia kwa wiki, saa watakazokuja, na kwamba watakuja kwa miadi tu. Ombi lenye mipaka iliyo wazi hukubaliwa kwa urahisi kuliko neno la jumla kwamba unafungua biashara.

Bima huhitaji uangalifu wa pekee. Bima ya kawaida ya vyombo vya nyumbani mara nyingi haigharimii bidhaa za biashara, wala haimlipi mgeni wa kibiashara anayejikwaa na kuumia. Ikiwa utapokea bidhaa za mafundi wengine kwa mali kauli, yaani utawalipa baada ya kuziuza, mkubaliane kwa maandishi nani atabeba hasara ya doa, mchubuko, moto au wizi kabla kiti cha kwanza hakijaingia.

Hatua hii imekamilika unapokuwa na karatasi mkononi. Ahadi ya mdomo hupotea siku jirani mmoja anapolalamika.

## Hatua ya 2: Chora njia ya mgeni

Hapa ndipo fleti inapopata umbo lake, kwa hiyo usiharakishe.

Chukua mchoro na kalamu nyekundu. Anza mlango wa mbele, pita mahali mgeni atakapoweka mkoba na mwavuli, nenda hadi atakapoketi, kisha kwenye meza ya kuangalia sampuli, kisha msalani, na urudi mlangoni. Mstari huo ndio ukumbi wako. Kila kinachoonekana kutoka kwenye mstari huo kimo katika maonyesho, hata kama hukukusudia. Na kisichoonekana ni nyumba yako, ambayo haina wajibu wa kumpendeza mteja yeyote.

Sasa tembea mstari huo kwa miguu. Simama kila baada ya hatua mbili, shika simu kwenye usawa wa macho, piga picha mbele, kushoto na kulia. Keti mahali atakapoketi mgeni na upige tena, kwa sababu jicho la mtu aliyeketi huona chini ya meza na ndani ya vyumba ambavyo mtu aliyesimama havioni. Picha hizo zitakuonyesha kitanda kinachochungulia kwenye kioo cha korido, pipa la taka nyuma ya mlango wa jiko, na mashine ya kufulia ambayo macho yako yamekwisha kuizoea.

Gawa fleti katika sehemu tatu ukitumia picha hizo. Ya kwanza ni ya wazi, ambako mgeni huingia bila kuomba. Ya pili ni ya kuonyeshwa, kwa mfano jiko au chumba cha kazi, ambako huingia akiongozwa. Ya tatu ni ya faragha, na mlango wake hufungwa.

Choo ndicho kinachoharibu mipango mingi. Fleti yenye msala mmoja ulio ndani ya chumba cha kulala haina sehemu ya faragha hadi tatizo hilo litatuliwe. Njia zipo tatu: kufungua mlango wa pili kutoka koridoni kama mwenye jengo ataruhusu, kutenga ujia wa kwenda msalani kwa kabati refu linalosimama kama ukuta kati ya ujia na kitanda, au kukubali kwamba chumba cha kulala nacho ni sehemu ya maonyesho na kuhamishia faragha yako kwenye makabati yenye kufuli. Usichague ya tatu ikiwa una watoto wadogo au mtu anayelala mchana.

Hakikisha njia kuu ina upana wa sentimita 90, ili mtu apite bila kujipinda na aweze kubeba kiti. Kati ya sofa na meza ya mbele yake acha sentimita 40 hadi 45, na nyuma ya viti vya meza ya chakula acha 75 hadi 90 ili mtu aweze kuvuta kiti na kunyanyuka. Fleti ikikataa vipimo hivi, punguza samani, njia isipunguzwe. Mteja anayepita kwa kujipinda hufikiria mkoba wake, hafikirii kazi yako.

Utajua umefaulu iwapo mtu wa nyumbani anaweza kuingia wakati wa miadi, akasalimia na kufika chumbani kwake bila kukatiza mazungumzo.

## Hatua ya 3: Jenga hifadhi kabla ya kitu kingine chochote

Nyumba inayogeuka ukumbi hubebwa na makabati yake. Kitu cha kila siku kisipokuwa na mahali pa kujificha karibu na kinapotumika, kitabaki wazi, na hakuna nidhamu ya familia itakayodumu dhidi ya hilo.

Kwa siku saba, andika katika daftari kila kitu unachokikuta kimezagaa kwenye sehemu ya wazi, mahali ulipokikuta na saa. Orodha hiyo ndiyo ramani ya makabati. Kama dawa na chaja hukutwa mezani kila jioni, droo yenye soketi ndani inahitajika umbali wa mkono kutoka mezani hapo. Kabati zuri lililo koridoni halitasaidia.

Kwa kina cha makabati, nguo zinazotundikwa kwenye hanga huhitaji sentimita 60, vyombo na majalada 35 hadi 40, na vitabu vingi hutosha kwa 30. Jenga hadi darini pale ukuta unaporuhusu, kwa sababu nafasi iliyoachwa juu ya kabati hujaa maboksi. Milango iwe ya rangi ya ukuta au ya mbao zilezile unazouza, na vishikio visivyojitokeza, ili ukuta mzima utulie machoni.

Acha sehemu moja katika tano ya hifadhi ikiwa tupu. Wengi hulipinga hili kwa kuwa nafasi ni ghali, lakini nafasi hiyo ndiyo inayopokea kikapu cha nguo na midoli dakika kumi kabla ya mgeni kubisha. Kabati lililojaa pomoni halina msaada saa ya dharura.

Sampuli nazo ni mzigo. Mawe na vigae viwekwe droo za chini kabisa kwa sababu ya uzito, vitambaa vitundikwe au vikunjwe kwa jinsi ya rangi, na kila sampuli iwe na lebo mgongoni yenye jina la mtengenezaji, namba na tarehe uliyoipokea. Usiache ukuta mzima wa sampuli ukiwa wazi. Mteja anayeona vitambaa mia mbili hushindwa kuchagua hata kimoja. Mletee vitatu mezani, kisha vingine vitatu.

Fanya jaribio la saa: anza fleti ikiwa katika hali ya jioni ya kawaida, uitayarishe peke yako. Ikiwa tayari kwa mgeni ndani ya dakika 15, endelea. Ikizidi 20, rudi kwenye orodha yako, kwani kuna vitu bado havina mahali pake.

## Hatua ya 4: Amua kitakachoonyeshwa na kitakachotumiwa

Gawa vitu vyote katika makundi matatu: vya kudumu, ambavyo familia huvitumia kila siku na mteja huviona kama mfano, vinavyozunguka, ambavyo vipo kwa kuuzwa, na vyako tu.

Vitu vikubwa, yaani sofa, kitanda, meza ya chakula na makabati ya jiko, viwe vya kudumu. Faida kubwa ya ukumbi ulio ndani ya nyumba ni kwamba mteja hukuta kitambaa kilichokaliwa miaka miwili, akauliza kimestahimili vipi, na akapewa jibu la mtu anayekikalia. Duka la kawaida haliwezi kumpa hilo. Kwa hiyo usifiche uchakavu mzuri: meza ya mbao iliyopakwa mafuta, yenye alama ya glasi iliyosuguliwa ikapotea, inaeleza matunzo kuliko karatasi ya maelezo.

Kwa kuwa sofa hilo litakaliwa na familia pamoja na wageni, soma kipimo cha Martindale kabla ya kuchagua kitambaa. Kipimo hicho huhesabu misuguano ambayo kitambaa hustahimili kwenye mashine kabla nyuzi zake hazijaanza kukatika. Kwa nyumba ya kawaida 15,000 hadi 25,000 hutosha. Kwa fleti ya matumizi mawili chagua 30,000 au zaidi. Kumbuka kwamba namba hiyo haisemi lolote kuhusu madoa wala kupauka kwa jua, ambavyo hupimwa peke yake.

Vinavyozunguka visitumiwe na mtu wa nyumbani hata mara moja. Kiti kilichokaliwa kila asubuhi kwa miezi sita ni kiti kilichotumika, na kuuzwa kwa mteja kama kipya ni udanganyifu. Ukikitumia, kiuze kama kilichotumika na bei yake ishuke.

Acha ukuta mmoja au pembe moja bila kitu. Jicho la mgeni huhitaji mahali pa kupumzika, na yako pia, maana wewe ndiye utakayekaa humo usiku.

## Hatua ya 5: Bandika tepu sakafuni na uishi nayo

Kabla ya kuagiza, chora kila samani sakafuni kwa tepu ya karatasi, kwa ukubwa wake halisi. Rundika maboksi hadi kimo cha kabati linalokusudiwa. Kisha pika, kula, piga pasi na upite usiku gizani kwa siku kadhaa. Mistari utakayoikanyaga mara kwa mara inaonyesha samani zitakazogongwa.

Pima pia upana wa mlango wa mbele, kona za ngazi, na kina, upana na kimo cha ndani ya lifti. Linganisha na kimo na ulalo wa sofa, si urefu wake tu. Bidhaa zinazozunguka zitapita mlango huohuo mara nyingi kwa mwaka. Zisizopita kwa urahisi zisiwemo katika orodha.

## Hatua ya 6: Tenganisha taa za kuishi na taa za kuonyesha

Taa ndizo zinazobadilisha sebule kuwa ukumbi kwa kubonyeza swichi, kwa hiyo ziwe katika saketi mbili zinazojitegemea. Kazi ya nyaya ifanywe na fundi umeme mwenye leseni, baada ya ruhusa ya hatua ya kwanza.

Saketi ya kuishi iwe na taa za chini, za mezani na za kusimama, za Kelvini 2700 hadi 3000, zenye swichi ya kupunguza mwanga. Thibitisha kwamba balbu za LED zinaoana na swichi hiyo, la sivyo zitapepesa au zitavuma. Saketi ya kuonyesha iwe ya taa za reli, zikielekezwa ukutani au kwenye samani kwa pembe ya nyuzi 30 hivi kutoka wima. Pembe pana zaidi humchoma macho aliyeketi upande wa pili, na iliyo nyembamba zaidi hutupa vivuli virefu chini ya kila fremu.

Usichanganye mwanga wa njano na mweupe katika mandhari moja. Tofauti hiyo, ambayo huonekana ndogo dukani, hufanya ukuta mmoja uonekane mchafu kando ya mwingine.

Juu ya meza ya sampuli pekee weka taa ya Kelvini 4000, na meza hiyo iwe karibu na dirisha. Sababu ni hii: rangi mbili zinaweza kulingana kabisa chini ya taa moja na kutofautiana chini ya nyingine, kwa kuwa zimetengenezwa kwa viambato vya rangi vilivyo tofauti. Mteja aone kila chaguo lake mara tatu, yaani dirishani, chini ya taa ya meza, na chini ya taa za jioni. Ugomvi mwingi kuhusu pazia lisilolingana na sofa huzaliwa kwa kuruka hatua hii ndogo.

Jua la moja kwa moja hupausha vitambaa na hubadilisha rangi ya mbao, hata nyuma ya kioo. Weka pazia jepesi, na usiache kitambaa cha mali kauli dirishani.

Dalili ya mafanikio: ukizima saketi ya maonyesho jioni, unajisikia uko nyumbani bila kusogeza kitu chochote.

## Hatua ya 7: Kuta, sauti na harufu

Tundika picha ili kitovu chake kiwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Kwa kuwa utazibadilisha mara kwa mara, reli ya kutundikia iliyofungwa karibu na dari itakuepusha na kutoboa ukuta upya. Kabati refu lolote lifungwe ukutani kwa skrubu zinazofaa aina ya ukuta, hata kama halitikisiki. Wateja huja na watoto, na watoto huvuta droo.

Rangi ya kuta za korido iwe ya kuoshwa hadi kimo cha bega.

Chumba chenye sakafu ngumu na kuta tupu hutoa mwangwi, na mazungumzo ya bei katika mwangwi hayapendezi. Zulia nene na mapazia hadi sakafuni huupunguza. Harufu ya mapishi nayo hunaswa na vitambaa, kwa hiyo feni ya kuvuta moshi itoe hewa nje ya jengo pale inapowezekana, na sampuli za vitambaa zikae mbali na jiko.

## Hatua ya 8: Bei, miadi na usalama

Usibandike bei kwenye samani. Kipe kila kitu kinachouzwa namba ndogo upande wa chini, na mgeni apewe kijitabu chenye namba, vipimo, malighafi, muda wa kutengenezwa na bei. Hivyo bei zinakuwa wazi kwake, na wewe huli chakula chako mbele ya vibandiko.

Pokea wageni kwa miadi tu, katika siku na saa ambazo wote wanaoishi humo wamezikubali. Anwani kamili itolewe baada ya miadi kuthibitishwa. Picha utakazotangaza zisionyeshe namba ya mlango, kufuli wala mandhari ya dirisha inayotambulisha jengo. Hati, dawa, fedha na vito vikae katika kabati lenye kufuli ndani ya sehemu ya faragha. Anayeishi peke yake awe na mtu wa kumjulisha jina la mgeni na saa ya kumaliza.

Acha angalau nusu saa kati ya miadi na miadi, na siku moja kamili ya juma isiyo na mgeni yeyote.

## Hatua ya 9: Jaribu kwa mwezi, kisha rekebisha

Alika watu watatu au wanne unaowafahamu, mmoja mmoja, wapite njia yote kana kwamba ni wateja. Usiwaongoze. Andika waliposita, walichokigusa kwanza, mlango walioufungua kwa makosa na swali la kwanza waliloliuliza.

Mgeni akisita mlangoni, hakuna mahali dhahiri pa kuweka mkoba. Akiuliza kama kitu fulani kinauzwa, mpaka kati ya vyako na vinavyozunguka hauonekani, na kijitabu kinahitaji picha. Akisifu nyumba bila kuuliza chochote, vitu vimekuwa vingi mno na hakuna kilichopewa nafasi ya kuonekana. Ondoa theluthi moja umwalike mwingine. Na watu wa nyumbani wakianza kula chumbani badala ya mezani, sehemu ya wazi imepanuka kupita kiasi: rudi kwenye mchoro, ufupishe mstari mwekundu.

Baada ya hapo badilisha vinavyozunguka kila baada ya miezi mitatu au minne, vyote kwa siku moja, na upige picha za njia nzima upya kutoka sehemu zilezile za hatua ya 2. Linganisha picha mpya na za awali kabla ya kumfungulia mteja mwingine.